Matawi Pale Nyawera

Tulipokuwa watoto Bukavu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Jumapili ya Matawi ilikuwa sikukuu ya kutembea. Kila shirika lilikuja na wimbo wake, na vijana wa chama cha Kikatoliki cha Xaveri walitangulia na ngoma, skafu shingoni. Chama hicho kilizaliwa papa hapa mjini mwaka 1952, kwa kazi ya Padri Georges Defour. Sisi wadogo tulishindana tu nani ana tawi refu.

Kisha vita ya waasi wa AFDL ikaingia mjini, na tarehe 29 Oktoba 1996 Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa mtaani Nyawera. Wengi walikuwa wamekimbia, yeye alibaki. Mrithi wake, Emmanuel Kataliko, alizuiwa Butembo mwaka 2000 kwa sababu ya barua yake ya Noeli. Aliporudi Septemba mji mzima ulifurahi, na tarehe 4 Oktoba akafia Roma. Baada ya hayo yote, kwangu mimi umati barabarani ukawa na maana ya hatari. Nilipopata watoto, nikisikia tu sauti za watu wengi nilifunga lango na kuwaita ndani.

Miaka ikapita. Jumapili moja tulishuka kwenye boti kutoka Goma, mdogo amesinzia mgongoni. Karibu na Nyawera teksi ikasimama: msalaba mbele, padri amevaa nyekundu, nyuma yake barabara nzima kijani. Nikaanza kupandisha kioo.

"Mama, bale bantu banaenda wapi?" mkubwa akauliza.

Dereva, mzee wa makamo, akazima gari na kuvua kofia. "Acha baone, mama. Ni Matawi."

Tukashuka. Nyimbo zilikuwa zile zile za utoto wangu, ila kati ya wimbo na wimbo waliombea amani na kuwataja marehemu wao. Mabibi waliopita walikuwa wameona vita vyote vile, na hakuna aliyeharakisha hatua. Msichana wa Xaveri akamkatia mwanangu kipande cha tawi lake. Tukafuatana nao hadi Katedrali ya Notre-Dame de la Paix, alikozikwa Munzihirwa, na hapo nikawasimulia watoto habari zake kwa mara ya kwanza.

Februari 2025 Bukavu ilitekwa tena, safari hii na waasi wa M23. Hata hivyo, mzazi mwenzangu, ukikutana na Matawi njiani ukiwa na watoto, usipandishe kioo. Shuka nao, na uwaambie Munzihirwa alikuwa nani.