ALIRUDI NA JIKO LA UMEME KUTOKA TEXAS, BABA MDOGO AKAMUULIZA SWALI MOJA TU

Jamaa alikaa Texas miaka kumi na moja. Wengine wanarudi na gari, wengine wanarudi na lafudhi. Yeye alirudi Tarime na jiko. Siku linashushwa kwenye lori watoto wa mtaa mzima walikuja kuangalia: jeusi, lina magurudumu, lina mfuniko, na ubavuni lina sanduku na kioo kidogo cha namba.

Kwa ambao hamjawahi kuliona, hili ni jiko la peleti. Peleti ni vumbi la mbao lililoshindiliwa mpaka likawa punje ngumu, nene kama penseli. Unazimimina kwenye sanduku, unachagua joto unalotaka, mota inazungusha parafujo inayosukuma punje kidogo kidogo kwenye kikombe cha moto, feni inapuliza. Joto likishuka, linaongeza punje lenyewe. Wewe kalale. Kampuni ya Traeger ya jimbo la Oregon ilianza nayo miaka ya 1980, na leo Marekani kuna watu hawajui kuwasha kuni lakini wanakulisha nyama ya moshi ukaomba uongezewe. Tusibeze.

Mpango wake ulikuwa kufungua sehemu ya nyama Mugumu, wilaya ya Serengeti, mji ambao madereva wa watalii wanaotokea geti la Ikoma hawakosi kupita wakiwa na njaa. Hela iliyobaki ilitosha jambo moja tu: aagize jiko la pili pamoja na shehena ya peleti, au ajenge tanuru la matofali la kubanikia kwa kuni. Yeye alishaamua moyoni. Mashine.

Sasa, baba yake mdogo ni mchoma nyama. Minada, harusi, misiba, zaidi ya miaka thelathini. Baba wa jamaa alipofariki, ada ya shule ilitoka kwenye moto huo huo. Na moto umemlipa mzee kwa namna yake: macho mekundu muda wote, kikohozi kinachoanza alfajiri kabla ya jogoo. Hospitali walishamwambia akae mbali na moshi. Akasema sawa, akarudi kukaa palepale.

Kwa hiyo jamaa alipoleta mashine, kichwani mwake alikuwa anamstaafisha mzee. Shida ni kwamba hakusema. Mzee alichokiona ni kijana aliyemsomesha kwa nyama, amerudi na kitu cha kumtoa kazini.

Alilizunguka jiko mara mbili, mikono nyuma. Akauliza swali moja tu.

"Mura, likizimika usiku linamwita nani?"

"Linanitumia ujumbe kwenye simu, baba mdogo."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Mwanzo haukuwa mzuri. Umeme wa Marekani ni volti 120, wa kwetu ni 230, na hilo jamaa alikuwa analijua, akanunua transfoma ya kushushia Mwanza. Alichosahau ni ng'ombe. Kidari cha Texas kinatoka kwa ng'ombe aliyesimamishwa mahali pamoja akalishwa nafaka mpaka akajaa mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayoilinda nyama kwa masaa 12 ya moto mdogo. Ng'ombe wa Mara ametembea. Amepanda milima ya Tarime, ameshuka mtoni, amerudi. Kidari chake ni chembamba, hakina mafuta ya kujitetea. Kilitoka kikavu, yaani soli ya kiatu. Wageni walitafuna kwa adabu.

Mzee ndiye aliyesema, bila hata kuangalia mashine: "Weka nundu."

Nundu, bwana! Ng'ombe wetu wa kienyeji mafuta yake ameyabeba mgongoni. Brazil, ambako ng'ombe wengi ni wa ukoo huo huo, nundu ya kubanikwa taratibu ni chakula cha heshima. Jamaa aliweka nundu saa mbili usiku, asubuhi ikawa inaachia kwa kidole. Mama yake alikula na ugali wa muhogo, akanyamaza. Ukimjua huyo mama, utajua kunyamaza ni sifa.

Hapo kiburi kikapanda. Ikaja sendoff ya binti wa ukoo, Mugumu. Jamaa akabeba jiko kwa pikapu kupitia Nyamongo, akapanga nundu na mapande ya paja, akaweka namba 225, akaenda kulala. Mzee alialikwa kama mgeni, sio mchomaji. Hilo lilimuuma kuliko moshi wote aliowahi kuuvuta.

Saa nane usiku umeme ukakatika.

Jiko la kuni likiachwa linabaki na makaa, linakupa muda wa kujitetea. Jiko la peleti ndani halina makaa ya maana, ni kiganja kimoja tu cha punje kwenye kikombe. Feni ikisimama, moto umeisha. Na ule ujumbe kwenye simu? Ulitegemea intaneti, na intaneti ya nyumba ile ilikuwa kwenye umeme huo huo. Simu ililala fofofo kama mwenyewe.

Aliyeamka ni mzee. Alikuja kueleza baadaye kwamba kilichomwamsha ni ule mvumo wa feni kunyamaza, maana usingizi wake wote alikuwa anausikiliza. Akatafuta mabati, akapanga matofali, akaazima kuni kwa jirani. Jamaa anatoka saa kumi anakuta nyama iko kwenye moto mwingine na baba mdogo amechuchumaa kwenye moshi, anakohoa mpaka ameshika ukuta.

Ndipo yakamtoka. "Baba mdogo, sikulileta lishindane na wewe. Nimelileta uache kukohoa."

Mzee alifuta macho muda mrefu. "Ungesema."

Waliongea mpaka kukapambazuka, na hesabu ikapigwa upya. Peleti zinaliwa karibu kilo moja kwa saa, mfuko ni kilo tisa, na kuanzia Tarime mpaka Mugumu jamaa hakuona duka linaloziuza. Kila mfuko uvuke bahari ili kubanika nyama ya Serengeti? Haiingii akilini. Angepatikana mtu wa kushindilia vumbi la mbao la maseremala wa Tarime, hesabu ingebadilika, na huenda siku moja ikabadilika. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Anayejenga tanuru la kuni leo anajenga huku upepo unamjia usoni, na jamaa analijua hilo.

Alijenga hata hivyo. Ila sio kama la zamani. Moto una chumba chake pembeni, nyama iko chumba kingine chenye mlango wa chuma, na bomba la moshi limepanda juu kuliko paa. Kuni ni za mipera na miembe iliyozeeka mashambani, kwa sababu za hifadhini hazikatwi, na zinakaa miezi chini ya bati kabla ya kuguswa. Hapa mzee alikubali kosa lake la miaka thelathini: alikuwa anachoma chochote, hata kuni mbichi. Moshi mzito mweupe wa kuni mbichi ndio unaokula macho, na ndio unaoifanya nyama iwe chungu. Moshi mzuri hauonekani vizuri, ni mwembamba, unakaribia bluu.

Anayetia kuni sasa ni kijana wa kuajiriwa. Mzee ana kiti upande upepo unakotokea, na kipimajoto cha ile mashine mkononi. Siku ya kwanza aligoma kukiamini. "Mia mbili ishirini na tano, na maji yanachemka mia?" Ilibidi aelezwe kwamba Wamarekani wana digrii zao.

Mashine ipo, mchana inachoma kuku, umeme ukiwepo. Mifuko mitatu ya peleti imebaki stoo. Kikohozi kimepungua, hakijaisha. Mama mdogo anasema mzee bado anaamka saa nane usiku, anatoka na tochi, anagusa mlango wa tanuru kwa kiganja, halafu anapita kwenye ile mashine iliyozimwa, anaigusa na yenyewe, ndipo anarudi kulala.