Vidonge vya Mjomba

Mwaka jana mjomba wetu alipasuliwa nyonga, akawekewa kiungo cha chuma mahali pa kile kilicholika. Tulimrudisha nyumbani tukimshukuru Mungu, pamoja na vidonge vya siku 35. Sisi tuliomtunza tulidhani ni vya kutuliza maumivu tu. Basi siku ya 12, kidonda kimefunga na mzee anafika mlangoni kwa mkongojo, tukaviweka juu ya kabati. Mganga alikuwa ametueleza vema. Masikio yetu yalikuwa mbali.

Siku ya 20 shavu la mguu wake lilivimba, likawa la moto. Tulimpeleka mbio. Ndani ya mshipa damu ilikuwa imeganda bonge.

Hapo tukasikiliza. Damu ya miguuni hupanda kwenda moyoni ikisukumwa na misuli tunapotembea; mtu akilala sana, hupanda polepole. Tena mfupa ukikatwa, nguvu ya damu ya kuganda huamka, ile ile ituokoayo tunapojikata kwa panga. Bonge likikatika mguuni hupita moyoni na kuziba mapafu, na mtu aweza kufa ghafula, pengine bila dalili ya kwanza. Hatari hiyo haiishi kidonda kinapofunga. Huendelea kwa majuma kadhaa.

Dawa za kumeza za kuzuia bonge zilianzia kwa ng'ombe. Miaka ya 1920, huko Kanada na Marekani ya kaskazini, ng'ombe waliokula majani makavu yaliyooza walitoka damu hata kufa. Katika Wisconsin, Karl Paul Link na wenzake waliitafuta sumu ile, na kazi yao ikazaa warfarini: mwaka 1948 ilikuwa dawa ya panya, mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa watu. (Mjomba hakufurahia habari ya panya.) Warfarini hudai damu ipimwe mara kwa mara. Rivaroksabani, iliyoanza kutumika mwaka 2008, haidai hivyo: baada ya kubadilishwa nyonga ni miligramu 10 kila siku kwa majuma 5, na goti majuma 2. Lakini zote zaweza kumtoa mtu damu. Kwa hiyo asiongeze aspirini ya sokoni bila kumwuliza mganga, na choo kikiwa cheusi kama lami aende hospitali mara moja.

Mjomba alipona. Badala ya vidonge 23 vilivyobaki kabatini, alipewa dawa ya miezi mitatu. Kila jioni alimeza pamoja na chakula, akachora alama ya mkaa ukutani, wala hakukubali mmoja wetu amchoree.