Shahidi wa Pili

Sisi Walutheri tulizikariri Amri Kumi kabla ya kipaimara, pamoja na maelezo ya Martin Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529. Wengi wetu tunaikumbuka amri ya saba kuwa ni amri ya wezi: usiibe, basi. Luther hakuishia hapo. Alieleza kwamba amri hiyo inakataza pia kujipatia mali ya jirani kwa ujanja, kisha akatuonyesha upande wake wa pili, kwamba inatuagiza kumsaidia jirani aitunze mali yake na riziki yake. Kwa hiyo mtu anaweza kuishi miaka 70 bila kugusa hata yai la mwenzake, na bado awe hajaitimiza amri ya saba, kama jirani anaibiwa naye anatazama tu.

Siku hizi jirani huyo mara nyingi ni mzazi wetu, na mlango anaopitia mwizi ni simu tuliyomnunulia sisi wenyewe.

Tumezaliwa watano, mkoani Njombe, katika kijiji cha viazi na mahindi ambako ukungu hukaa mabondeni mpaka jua limepanda. Baba ametangulia. Mama yetu ana miaka 76 na bado analima. Watoto tumetawanyika kwa kazi na kwa ndoa, na kinachotuunganisha naye ni simu ndogo ya batani anayoifunga ndani ya kitambaa pamoja na kadi yake ya kliniki. Kwa simu hiyo hupokea fedha za mbolea, huwasalimu wajukuu, na kwa miaka mingi alitunza humo fedha za kikundi cha wanawake wa mtaa wetu wa kanisa, kwa sababu wenzake walimwamini.

Siku moja ya juma alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa mwalimu wa zamu. Alilitaja jina la mjukuu anayesoma sekondari ya bweni. Alisema mtoto ameanguka ghafla, wako hospitali, na kipimo hakiwezi kufanyika bila malipo. "Usikate simu, mama, daktari yuko hapa hapa." Mama akatoka shambani na tope miguuni, simu ikiwa sikioni, akaenda kwenye kibanda cha wakala. Alituma shilingi 200,000. Baada ya muda mfupi ikatakiwa dawa, akatuma tena 140,000. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ya kikundi. Mjukuu muda huo alikuwa darasani, mzima wa afya.

Haya yote tuliyajua baada ya miezi minne. Tulipokwenda nyumbani kusaidia kuvuna, tulikuta zizini pamepungua mtamba. Mama alisema amemuuza kwa sababu ya upungufu wa majani. Jirani ndiye aliyetuita pembeni akatueleza kwamba mama aliuza mtamba ili alipe fedha za kikundi, na kwamba tangu hapo haketi tena mbele na akina mama wenzake. Ndipo tulipoelewa kwa nini simu zetu nazo zilikuwa zinaita mpaka zinakatika. Kila mlio ulimtia hofu. Tapeli alichukua shilingi 340,000, lakini aliondoka pia na kitu ambacho hakuna mtamba anayeweza kukilipa: mama alikuwa ameacha kuziamini sauti, na zetu zikiwamo.

Usiku ule tulikaa jikoni kuzunguka moto tukajadiliana. Kaka yetu mkubwa alitaka laini ya mama ifungwe huduma ya fedha, na kila kitu kipitie kwake. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Alikuwa na uchungu wa mtoto wa kwanza, na alisema mzee akishaibiwa mara moja namba yake hupitishwa kwa matapeli wengine. Dada yetu alimjibu kwamba mtu aliyelea watoto watano kwa jembe hawezi kugeuzwa mtoto wa sita. Tulidhani mama amelala. Akasema kutoka chumbani: "Yule kijana alichukua hela. Ninyi mkichukua simu, mtanichukulia na wajukuu."

Hapo amri mbili zilikutana jikoni kwetu. Amri ya saba ilitudai tumlinde mama na mali yake. Amri ya nne ilitudai tumheshimu. Ulinzi usio na heshima ungemfanya mfungwa ndani ya nyumba yake, na heshima isiyo na ulinzi ingemwacha peke yake na mbwa mwitu. Tulihitaji njia ya kuzishika zote mbili, na tuliipata kwa mzee mwingine aliyewahi kutapeliwa.

Isaka, katika Mwanzo sura ya 27, ni mzee ambaye macho yamefifia. Anakuja mtu anayejifanya mwanawe mkubwa. Watu husimulia habari hiyo kana kwamba Isaka alikuwa mjinga, lakini tukiisoma polepole tunaona kwamba hakuwa hivyo. Aliuliza wewe ni nani. Alishangaa mawindo yamepatikanaje upesi namna ile. Aliomba amguse. Alitambua kwamba sauti ni ya mwingine. Akauliza tena kama kweli ndiye Esau. Hata harufu ya mavazi aliipima. Mzee huyu alifanya karibu kila jaribio ambalo mtu mmoja anaweza kulifanya, na bado akadanganywa, kwa sababu kila jibu alilipata kwa mtu yule yule aliyekuwa anamdanganya. Kilichomkosa ni shahidi wa pili. Mtu pekee wa karibu ambaye angeweza kumwambia kweli, yaani Rebeka, ndiye aliyeupanga mpango.

Mama yetu naye hakuwa mjinga. Aliuliza maswali. Lakini aliambiwa asikate simu, na agizo hilo ndilo moyo wa utapeli wenyewe. Tapeli anajua kwamba simu ikikatwa, mama atampigia mtu, na mtu huyo atasema mtoto yuko shuleni. Haraka na upweke ndizo zana zake.

Torati inasema, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 19, kwamba neno lisithibitishwe kwa shahidi mmoja tu. Wawepo wawili au watatu. Sheria hiyo haikuwekwa kwa ajili ya wazee au watu wenye akili dhaifu. Iliwekwa kwa Israeli yote. Basi asubuhi yake tulikubaliana, mama akiwa ameketi kati yetu, kwamba katika ukoo wetu hakuna mtu anayetuma zaidi ya shilingi 20,000 kwa ombi la simu kabla hajakata simu ile na kumpigia ndugu wa pili kwa namba aliyoizoea. Hakuna mtu, maana yake kaka mkubwa naye yumo, na mchungaji naye yumo. Mama aliikubali kwa sababu ilitufunga sote. Angeikataa, na kwa haki, kama ingemfunga yeye peke yake.

Tuliongeza na neno la siri. Mtu akipiga kwa namba ngeni na kudai ni wa kwetu, aulizwe jina ambalo baba alimpa ng'ombe wake wa kwanza. Jina hilo halimo kwenye picha zozote za mitandaoni wala kwenye fomu ya shule. Wajukuu walicheka sana walipofundishwa, wakamtaka bibi awasimulie habari za ng'ombe huyo, naye akawasimulia mpaka chakula kikapoa.

Kisha tulikwenda kwa wakala, kijana wa pale pale kijijini. Tulimwomba kwamba akimwona mzee yeyote anakuja na simu sikioni kutaka kutuma fedha, amwambie kwa upole, "Bibi, shikamoo, hebu kata kwanza tumpigie mtoto wako." Alituambia amewahi kuwashuku wateja wa namna hiyo, ila aliogopa kuonekana anaingilia mambo ya wakubwa. Tangu hapo anauliza. Kibanda chake kimekuwa mahali ambapo shahidi wa pili anapatikana kwa asiye na mtoto karibu.

Yapo mambo mengine ambayo kila familia inapaswa kumfundisha mzee wake taratibu, kwa kurudia, kama tulivyofundishwa katekisimo. Jina kutajwa si ushahidi. Mtu yeyote akiingiza namba yako kana kwamba anataka kukutumia fedha, jina lako hutokea kabla hajathibitisha, na hivyo tapeli hulijua bila kukufahamu. Ujumbe unaosema fedha zimeingia si fedha. Atazame salio lake kwanza. Akiombwa kurudisha "fedha zilizotumwa kimakosa", asirudishe kwa mkono wake, bali amwambie mhusika awasiliane na kampuni ya simu, na yeye mwenyewe apige 100. Namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, hata anayesema ni wa huduma kwa wateja. Na ule ujumbe unaojulikana nchi nzima, wa "ile hela nitumie kwenye namba hii", anaweza kuupeleka 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti matapeli.

Liko na jambo la kidole. Tangu laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, usajili uliofikia kikomo chake Januari 2020, wapo wazee walioombwa na msajili wa barabarani waweke kidole mara ya pili, wakaambiwa cha kwanza hakikusoma. Kumbe wanasajili laini nyingine ambayo mwenyewe hataiona. Laini hiyo ikitumika kuiba, jina linalotokea ni la mzee mwadilifu wa kanisa. Tulipiga *106# kwenye simu ya mama ili tuone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kwa neema ilikuwepo moja tu, ile yake. Kila mtoto anayekwenda likizo nyumbani anaweza kulifanya hilo kabla chai haijachemka.

Lakini tukiwa wachungaji hatuwezi kuliacha jambo hili nyumbani tu. Linagusa mimbari. Tapeli anapojiita mchungaji, askofu au nabii, anatumia heshima ambayo Kanisa limeijenga kwa miaka mingi. Husema amefunuliwa jambo juu ya familia yako. Tuma sadaka upesi kabla ya saa sita usiku. Muumini aliyezoezwa kwamba sauti ikitaja jina la Bwana haipimwi, amekwisha kuandaliwa kwa ajili ya mtu huyo. Matendo ya Mitume sura ya 17 inawasifu watu wa Beroya kwa sababu waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama maneno ya Paulo ni kweli. Paulo mwenyewe hakukasirika. Mchungaji anayekasirika muumini akimhakikisha kwa mzee wa kanisa, anamsaidia tapeli bila kujua.

Ndiyo maana katika usharika tunaoutumikia tangazo hili husomwa mara kwa mara pamoja na matangazo ya ndoa na ya misiba: sadaka kwa simu hutumwa kwa namba ya usharika iliyobandikwa ubaoni, si kwa namba ya mtu, na yeyote atakayepigiwa na mchungaji akiombwa fedha, ampigie mwinjilisti au mzee wa kanisa kwanza. Wengine mwanzoni waliona linatushushia hadhi. Sasa wazee wenyewe hutukumbusha likisahauliwa.

Limebaki jambo la aibu. Aliyeibiwa na jambazi njiani huja kanisani na jeraha lake, tukamfunga na kumwombea. Aliyeibiwa kwa simu hulificha jeraha, kwa sababu anajua atakachoulizwa: "Ulitumaje, bila hata kufikiri?" Swali hilo humfanya mhanga kuwa mtuhumiwa. Msamaria mwema hakumuuliza yule majeruhi kwa nini alipita barabara ya Yeriko peke yake. Tukitaka wazee watueleze mapema, siku ile ile, wakati bado kuna nafasi ya kupiga simu kwenye kampuni na kutoa taarifa polisi, ni lazima wajue kwamba wakisema watapokelewa. Kwa hiyo siku ya kwanza haiulizwi habari ya akili. Siku ya kwanza ni ya kusema, "Pole, mama. Tupo."

Mama amerudi kuketi mbele. Aliwaeleza wenzake mwenyewe, katika kikao cha wanawake, mambo yote toka simu ya kwanza hadi mtamba. Alipomaliza, wanawake wawili walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema na wao yaliwapata, na mmoja hajamwambia hata mumewe. Siku hizi wanampigia yeye kabla ya kutuma chochote. Amekuwa shahidi wa pili wa mtaa mzima.

Na sisi tukimpigia kuomba mchango wa harusi au wa ada, hutusikiliza vizuri, hutusalimia watoto mmoja mmoja kwa majina, kisha huuliza shahidi wetu ni nani. Humtaja aliyempigia, tukasubiri, naye hutuma. Mungu awape wazee wetu wote mtu wa kumpigia, na atupe sisi moyo wa kupokea simu hiyo hata ikiita katikati ya kazi.