Ekzosi ya Subaru kwa bei nafuu: unataka nguvu au sauti?

Haya wasomaji, leo tunaiacha tarakilishi mezani (si kabisa, mtaona) tuingie chini ya gari. Vijana kadhaa wa huku kwetu Port Reitz wameniuliza ni ekzosi gani ya bei nafuu inayoifaa Subaru Impreza WRX. Ninalo la mwaka 2004, injini ya EJ20, lita mbili, na tabo. Bajeti yangu ilikuwa shilingi 40,000, senti moja zaidi hakuna.

Kabla ya kutoa pesa jiulize: unataka nguvu au unataka sauti? Wauzaji huziuza pamoja kama chai na mahamri, lakini ni vitu viwili.

Tuanze na sauti. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akafanya hivyo mwaka 2000. Tangu hapo ule mngurumo wa Subaru Wakenya wengi tunautambua hata gari likiwa mtaa wa pili. Lakini mngurumo huo hautengenezwi na sailensa. Injini ina mitungi minne iliyolala, miwili kila upande, na katika WRX kama hili mabomba yanayokusanya moshi upande mmoja ni marefu kuliko ya upande wa pili. Mapigo ya moshi hufika kwenye tabo kwa vipindi visivyolingana, ndiyo ile du-du-du. Sailensa huupunguza au huuachia tu.

Sasa nguvu. Chukua kikokotoo. Bomba la inchi 3 na la inchi 2.5: 9 gawanya kwa 6.25 ni 1.44. Kumbe nafasi ya kupita moshi imeongezeka kwa asilimia 44! Hapo ndipo watu hufungua pochi. Lakini sisi wa kompyuta tunajua kwamba kasi ya mtandao huamuliwa na kiungo chembamba kuliko vyote. Kwenye gari la tabo, pembamba ni pale mwanzo, katika bomba linaloshuka kutoka kwenye tabo pamoja na kataliti, lile kopo lenye vitundu kama sega la nyuki linalosafisha moshi. Ukipanua nyuma ukaacha mbele, umepanua barabara baada ya foleni kwisha.

“Basi kataliti tunaitoa, bure kabisa,” fundi mmoja aliniambia. Asante, fundi. Ndani ya kopo hilo mna platini, paladi na rodi, madini yanayouzwa ghali, kwa hiyo hiyo “bure” ina mnunuzi wake. Isitoshe, kompyuta ya gari imepangwa ikijua moshi unabanwa kiasi gani. Ukifungua njia ya mbele bila kuipanga upya, tabo inaweza kupuliza kupita kiwango, na injini ikaharibika. Bomba jipya la mbele pamoja na kazi ya kuipanga kompyuta vilizidi bajeti yangu. Nikaufunga mjadala wa nguvu hapo hapo.

Ikabaki sauti, na sauti ina majirani. Nyumba zetu zimebanana, na mlango wa pili kuna mzee afanyaye zamu ya usiku bandarini, hulala mchana. Nilimwendea, nikamwamkia na kumweleza mpango wangu. Akanijibu, “Mwanangu, gari ni lako, usingizi ni wangu.” Desibeli haziongezeki kama shilingi: zikipanda 3, nguvu ya sauti imekaribia kuwa mara mbili, zikipanda 10, ni mara kumi. Tena Kenya ina kanuni za kelele za mwaka 2009 ambazo hazikuyasahau magari.

Halafu kuna chumvi. Hewa ya huku kwenye mkono wa bahari hula chuma cha kawaida haraka kuliko ya Nairobi, hivyo nilitaka chuma cha pua. Nenda na sumaku dukani. Chuma cha pua cha aina ya 304 karibu hakiivuti. Ikinata kwa nguvu, hicho ni chuma cha kawaida au cha aina ya 409, ambayo huota kutu ya juu juu.

Nilichonunua ni mtumba wa Kijapani: bomba la nyuma na sailensa yake, lenye kibandiko cha JASMA. Hicho ni cha chama cha watengenezaji wa sailensa za michezo Japani, na maana yake ni kwamba ilitengenezwa ifuate sheria za kelele za huko. Fundi wa Changamwe alilifunga kwa gasketi mpya na raba mpya za kuning’iniza. Pesa ilitosha, na chenji ya mafuta ikabaki.

Nguvu je? Nilichomeka waya na kutumia RomRaider, programu huria iliyoandikwa kwa Java kwa ajili ya kompyuta za Subaru. Alfajiri kwenye barabara ya Dongo Kundu, gia ya pili, kutoka mizunguko 2,500 hadi 5,500: mara tatu kabla, mara tatu baada. Tofauti kati ya ekzosi mbili ilikuwa ndogo kuliko tofauti kati ya jaribio na jaribio. Kwa lugha yetu: hakuna kitu.

Gari linanguruma vizuri, kwa sauti nzito ya chini, na sikuahidiwa zaidi. Mzee nilimuuliza juzi kama analala. Akasema ndege za uwanja wa Moi ndizo zinamwamsha.