Mtutu Mpya kwa Bunduki ya Babu

Ndugu zangu wa nyumbani,

Huku Durban na mkoani mwake bunduki hurithiwa kama shamba. Mimi siwezi kumiliki hata moja, maana sheria ya silaha ya mwaka 2000 inatoa cheti cha kustahili kumiliki kwa raia na wenye ukaazi wa kudumu tu, lakini kusindikiza mtu kwa fundi hakuna anayekataza.

Mwenzangu kazini, mwenyeji wa Vryheid, ameachiwa na babu yake Mauser modeli ya 98, inayotumia risasi ya Kijerumani ya milimita 8. Bunduki ni nzima, ila mtutu umechoka: ukichungulia ndani, ile mifereji inayoizungusha risasi imelika karibu na chemba. Akaamua kuweka mtutu wa risasi nyingine kabisa, 9.3x62.

Fundi hakuanza na mtutu. Alichomoa bolti, akaipangusa mafuta, akatuonyesha vinundu viwili vya chuma upande wa mbele na cha tatu nyuma. Vile vya mbele ndivyo vinavyoikaza bolti baruti inapolipuka; cha tatu ni cha akiba. Mauser za 1895, zile ambazo Makaburu waliwatandika nazo Waingereza pale Colenso Desemba 1899, hazina hicho cha tatu. Wapo wanaozifunga mtutu wa .308, yenye mgandamizo mkubwa kuliko 7x57 iliyozaliwa nazo. Fundi huyu mzee haigusi kazi hiyo, hata umwongeze pesa, na mimi namuunga mkono.

Nikamuuliza kuhusu kubadili .303, Lee-Enfield ya wazee wetu wa King's African Rifles. Akacheka. Ile bolti yake hukazia nyuma, na ganda la risasi lina ukingo uliotokeza kitakoni, ambao risasi nyingi za leo hazina. India walipotaka bunduki ya namna hiyo ipige 7.62 ya NATO, miaka ya 1960, kiwanda cha Ishapore kiliunda mpya kabisa kwa chuma imara zaidi, na magazini yake.

Kilichonisisimua ni hiyo 9.3x62. Aliibuni Otto Bock, fundi wa Berlin, mwaka 1905, akiwalenga walowezi wa Kijerumani waliokuwa Afrika, koloni letu la Afrika Mashariki likiwemo. Walihitaji risasi ya kuangusha wanyama wakubwa, lakini itakayoingia kwenye Mauser ya kawaida, ya bei nafuu. Kwa hiyo kitako cha ganda alikifanya kiwe na upana uleule wa ganda la risasi ya milimita 8. Uso wa bolti hauguswi. Kazi kubwa ni mtutu, na magazini kuirekebisha kidogo.

Mlowezi alipata hiyo, lakini askari wetu? Vita vilipoanza 1914 wengi wao bado walibeba bunduki za modeli ya 1871, za baruti nyeusi, moshi ukiwachongea kila wanapofyatua. Ahueni ilikuja Tanga, Novemba mwaka huohuo, Waingereza walipokimbilia melini wakaacha bunduki 455 na risasi kwa malaki. Kubadili risasi bila kumlipa fundi ndiko huko.

Turudi karakana. Mtutu mpya ulipokwisha kukazwa, mzee alitumbukiza chembani vipande viwili vya kupimia, kimoja kimoja. Kwa cha kwanza bolti ilifunga laini. Kwa cha pili iligoma, naye akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ingefunga, maana yake ganda lina nafasi ya kutanuka hadi kupasuka, tena sentimita chache kutoka jichoni mwako.

Mtutu wa zamani sasa. Mwenzangu alishapanga kuutundika sebuleni, ukumbusho wa babu. Haiwezekani. Sheria ya hapa inauhesabu mtutu mtupu kuwa sehemu kuu ya silaha, na huwezi kukaa nao bila leseni. Fundi aliufungia kwenye sefu yake na kumwandikia risiti. Makaratasi ya kubadili aina ya risasi yakaenda polisi. Bunduki yenyewe imebaki hapohapo karakana. Baridi ya Mei imeshaingia, wawindaji wenzake wameshapanda kwenda mashambani, na yeye kila Ijumaa anapiga simu kuulizia leseni.

Wasalimieni wote,
Wenu wa Durban