Bastola ya babu yaishiwa nafasi Chimwaga

Ebwana, kuna simu nyingine ukipigiwa tu unajua nauli imeshakutoka. Babu yangu mzaa mama alinipigia Jumanne usiku, hakuuliza hali ya Dar wala bei ya unga, akasema: "Njoo Chimwaga tuimalize habari ya ile bastola. Macho yangu yanazima." Akakata.

Usishtuke, msomaji wangu. Bastola yenyewe haina baruti wala haina mlio wa kumtoa mtu ndukini. Ni bastola ya upepo, ya springi, Webley Senior iliyotengenezwa Birmingham, Uingereza, ikarushwa na maisha mpaka ikatua Ugogoni. Mimi nimeililia tangu nikiwa darasa la pili. Wenzangu likizo walikuwa wanaota baiskeli, mimi nilikuwa naota lile dude zito la chuma cheusi. Kwa hiyo nilipopanda treni ya SGR, hii ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, moyoni nilikuwa nimeshaitafutia hadi kabati la kuifungia.

Dodoma nilifika na jua lake lile lile kali na upepo wa kukutia vumbi mpaka kwenye nyusi. Kutoka mjini nikadandia daladala la UDOM, likapanda kilima. Kwa nyinyi mliozaliwa juzi, Chimwaga ni jina la siasa kabla ya kuwa jina la usomi. Katika ukumbi wake ndipo CCM ilipompitisha Benjamin Mkapa kugombea urais Julai 1995, na Jakaya Kikwete Mei 2005. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza 2007, ukumbi ukawa sehemu ya chuo, na mwaka 2015 John Magufuli alipopitishwa, mkutano ulikuwa umeshahamia ukumbi mpya. Leo ukiuliza Chimwaga, kijana anakuonyesha njia ya kwenda kwenye lekcha.

Babu hakai chuoni, anakaa chini ya kilima. Zamani kutoka mlangoni kwake ulikuwa unaona migunga, mawe makubwa kama tembo waliolala, na ng'ombe. Basi. Safari hii nilipita nyumba yake mara 2 bila kuijua! Hosteli kushoto, hosteli kulia, mbele wanauza chipsi, nyuma kuna saluni inayopiga muziki mpaka mabati yanatetemeka.

"Mbukwa," akanisalimu kwa Kigogo, akanishika mkono akanisogeza karibu na uso wake. Hapo ndipo nilipoelewa habari ya macho. Jicho la kulia limefunikwa na ukungu mweupe, mtoto wa jicho, na la kushoto linafuata.

Tulikula ugali wa uwele na mlenda, kisha akaitoa. Ilikuwa imefungwa kwenye kanga ya marehemu bibi, pamoja na kitabu cha leseni na kopo dogo la risasi. Historia yake naijua kama Baba Yetu. Baba yake babu alikuwa mpishi wa Mwingereza mmoja Kongwa, enzi za ule mradi wa karanga ulioanza 1947. Waingereza walileta matrekta, wakafyeka pori, mvua ikawagomea, ardhi ikakauka ikawa kama saruji, na mwaka 1951 wakafunga virago wakiwa wamepoteza zaidi ya pauni milioni 30. Yule bwana hakuwa na nafasi kwenye sanduku, akamwachia mpishi wake bastola. Kwa maoni yangu, ndiyo karanga pekee ya Kongwa iliyoota vizuri.

Inavyofanya kazi ni ujanja mtupu. Mtutu wake uko juu, na umefungwa kwa bawaba upande wa mbele. Unaubandua nyuma, unaunyanyua na kuupeleka mbele kama mtu anayefungua mdomo wa mamba. Ukivuta hivyo, ndani ya silinda pistoni inaibana springi mpaka inanasa, klik! Unatia kirisasi kimoja chenye kiuno cha nyigu, unafunga mtutu. Ukivuta kifyatulio, springi inaachia, pistoni inachomoka, inasukuma hewa, na hewa inakitoa kirisasi. Hakuna gesi, hakuna betri. Nguvu yote ni ya mkono wako mwenyewe, ndiyo maana ukifyatua mara 20 bega linauma.

Lakini utamu wake, na karaha yake, uko hapa: pistoni inatembea kabla ya kirisasi kutoka. Chuma kizima kinashtuka mkononi wakati kirisasi bado kiko ndani ya mtutu. Kirisasi chenyewe hakina haraka, hakifiki hata nusu ya kasi ya sauti. Ukifyatua halafu ukalegeza mkono kutazama umepata au umekosa, umeshakosa. Inabidi ubaki kama mnara mpaka usikie kopo linalia. Bastola ya upepo ya mita 10 iliingia Olimpiki mwaka 1988 kule Seoul, na mabingwa wa siku hizi wanatumia hewa iliyoshindiliwa kwenye mtungi, haishtuki. Hawa wazee wa springi wanakufundisha subira kwa fimbo.

Babu alinifundisha hapo hapo, miaka ya tisini, kwa makopo ya Blue Band tuliyoyapanga kwenye kichuguu. Alikuwa anadai bastola ni ya kufukuza kwelea kwelea kwenye uwele. Wacha bwana! Kwelea kwelea wanakuja kama wingu, wewe una kirisasi kimoja kimoja. Ni sawa na kukausha bwawa la Mtera kwa kijiko cha chai. Waliowafukuza ndege ni sisi watoto, kwa debe na kelele.

Basi nikamwambia twende kichuguuni tukapige. Akacheka. "Nenda kwanza ukatazame."

Nikaenda. Kichuguu kipo bado, kimebaki nusu. Hatua 15 nyuma yake kuna ukuta wa hosteli ya wasichana, na juu ya ukuta nguo za ndani zimeanikwa za kila rangi. Nikageukia mashariki, kuna fundi cherehani na mtoto mgongoni. Magharibi barabara ya bodaboda. Nilizunguka pale nikitafuta upande mmoja tu ambao kirisasi kingeweza kwenda kisimkute mtu. Hakuna. Sheria ya babu tangu zamani ni kwamba usifyatue mahali usipojua risasi itakapolala, na kirisasi hiki, ingawa kinaitwa cha upepo, kinatoboa jicho. Nilirudi kimya.

Tukapigia ndani ya tembe. Nyuma ya nyumba ya bati babu bado anayo tembe ya udongo ya Kigogo, ile ndefu ya paa bapa, siku hizi anawekea majembe. Kuta nene, hakuna dirisha. Tukafunga mlango, tukawasha tochi, tukaweka sanduku lililojaa mchanga na matambara, hatua 7. Risasi kwenye kopo zilikuwa 11.

Mimi nilipiga 6, nikapata 4. Babu akachukua zamu. Alininyooshea mkono: "Niwekee begani upande wa sanduku." Nikamwelekeza. Akavuta. Akabaki amesimama vile vile, mkono haujashuka, mpaka sanduku likasema po! Alipata 2 kati ya 4, na macho yale. Moja akairudisha kwenye kopo.

Ndipo akanieleza. Leseni ya silaha ni ya mtu, si ya ukoo. Siku akifa, mimi sitakuwa nimerithi bastola, nitakuwa nimerithi kesi. Alishaona majirani mwaka 2023, Serikali ilipotoa msamaha wa Septemba na Oktoba, wakihangaika na magobole ya baba zao yasiyo na karatasi. Ningeweza kuomba leseni yangu, ndiyo. "Halafu utapigia wapi? Kariakoo?"

Sikuwa na jibu. Chumba changu Dar kina ukuta mmoja na jirani, nasikia mpaka akipiga mswaki.

Kesho yake asubuhi tukaenda polisi, mwenyekiti wa mtaa akatusindikiza, bastola kwenye kanga, kitabu mfukoni. Afande aliyetupokea alikuwa kijana mpole, akafananisha namba, akaandika. Kisha udadisi ukamshinda, akaunyanyua mtutu mpaka klik! Akafunga, akaelekeza chini kwenye ndoo ya mchanga, kidole kwenye kifyatulio.

"Afande, tafadhali, usifyatue tupu!" Babu alipaza sauti mpaka waliokuwa kwenye benchi wakageuka. "Bila kirisasi hakuna cha kuizuia hewa. Pistoni inajigonga, springi inaumia."

Kijana akamwangalia, akampa. Babu akaubandua mtutu, akaukamata kwa nguvu zote, akavuta kifyatulio na kuirudisha springi polepole, polepole, mpaka ikalala. Hakutazama, alifanya kwa kupapasa. Akamrudishia.

"Na mafuta," akasema, "tone moja tu la cherehani. Ukizidisha inatoa moshi."

"Sawa mzee," akajibu afande, na nikaona ameandika.