Vigae Nilivyovitupa

Leo nataka kuwaeleza kosa langu moja. Si kosa la kupelekwa barazani, wala hakuna mtu aliyenishtaki. Lakini kila nipitapo nyuma ya jiko letu, hapa Makiso, moyo hunisuta.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikichimba shimo la choo kiwanjani petu, mimi na kijana mmoja wa jirani. Tulipofika kina cha kiuno, jembe likaanza kulia juu ya vigae vya vyungu. Vilikuwa vingi, na vingine vilikuwa na mistari iliyochorwa vizuri. Katikati yake mlikuwa na makaa na kokwa za mchikichi zilizoungua. Kijana akaniuliza, "Yaya, hivi tuvifanye nini?" Nikamjibu, "Tupa tu, ni takataka za watu wa zamani." Tukavimwaga barabarani kuziba shimo lililochimbwa na mvua. Jioni tukaoga, tukala, tukasahau.

Baadaye binti yangu, asomaye sekondari, alikuja nyumbani na kitabu chenye picha za Tikal, mji wa kale wa Wamaya katika nchi ya Guatemala. Tukatazama pamoja. Tuliona mahekalu ya mawe yanayopita miti ya msitu, moja likiwa na kimo cha zaidi ya meta 60. Tulisoma jinsi watu wale walivyochimba mabwawa ya kuweka maji ya mvua, wakakata ngazi za mashamba milimani, wakainua matuta penye majimaji ili walime mahindi. Walifanya biashara ya chumvi, kakao, na jiwe moja jeusi lenye makali kama wembe. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba, kwa kupima nchi ile kutoka katika ndege kwa miale ya nuru ipenyayo kati ya majani, wameona alama za majengo zaidi ya 60,000 yaliyofichwa na msitu.

Binti yangu akafunga kitabu, akaniuliza, "Baba, na sisi katika msitu wetu tulikuwa na nini?"

Nikamjibu upesi, kama nilivyojibiwa mimi nilipokuwa mtoto, "Sisi hatukuwa na kitu. Hapa palikuwa na msitu tu." Akanyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kulikoniamsha. Palikuwa na msitu tu? Na vile vigae je?

Nikaenda kwa rafiki yangu mmoja, mzee aliyefundisha historia miaka mingi. Nikamwambia yote. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Maji yanayopita Wagenia yametoka wapi?" Nikasema, "Yametoka juu, Ubundu na Kindu." Akasema, "Panda zaidi. Panda hadi Katanga, katika maziwa ya Upemba na Kisale. Huko ndiko utakakopata jibu la mtoto wako."

Ndipo nilipojifunza habari za Sanga. Ni mahali pa kandokando ya ziwa Kisale, katika bonde la Lualaba, yaani mto wetu huu huu kabla haujaitwa Kongo. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba huko makaburi ya kale, na mwaka 1974 Pierre de Maret akaendelea na kazi hiyo. Walifukua makaburi zaidi ya 100. Wafu walizikwa pamoja na vyungu vya kupendeza sana, vifaa vya chuma, na mapambo ya shaba. Makaburi mengi ni ya kati ya karne ya 8 na ya 13. Basi watu wale waliishi siku zile zile Tikal ilipokuwa na fahari yake ya mwisho, na waliendelea baada ya mji ule kuachwa.

Waliishije? Bonde lile lina samaki tele, na maji yanapopungua huacha udongo mzuri wa kulima. Lakini halina shaba. Shaba hutoka mbali, kusini, na kila pambo la shaba lililozikwa Sanga ni ushahidi wa biashara. Baadaye, tangu karne ya 13 hivi, twaona misalaba ya shaba ikiwekwa kaburini. Kwanza ilikuwa mikubwa, ikawekwa kifuani pa marehemu. Kisha ikawa midogo, mingi, yenye vipimo vya kukaribiana, kama fedha mkononi mwa mtu. Na kauri zilizopatikana huko zilitoka Bahari ya Hindi, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Katika kaburi moja la kale mlikuwa na shoka la heshima na fuawe, vitu ambavyo kwa Waluba ni alama za utawala. Kumbe ufalme haukuanguka kutoka mawinguni. Ulikuwa na mizizi yake.

Mtu atasema, "Huko ni Katanga, si msitu wetu." Ni kweli. Lakini katika miaka ya 1970 na 1980 Manfred Eggert na wenzake walipita kwa mashua katika mito ya Ekwateri, wakachimba vijijini. Mahali paitwapo Imbonga walipata mashimo yenye vyungu vya miaka zaidi ya 2,000. Tena mwaka 2010 msafara wa wataalamu ulioitwa Boyekoli Ebale Congo ulishuka mto kutoka hapa Kisangani, na watafutaji wa mambo ya kale walikuwamo.

Sisi hatukujenga kwa mawe. Tulijenga kwa miti, udongo na majani, na mvua ya msitu huvila vyote. Kinachobaki ni kigae, makaa na kokwa. Makaa hupimwa, nayo hutoa miaka yake. Kokwa husema watu walikula nini. Michoro ya kigae husema walikuwa ndugu wa nani, na walibadilishana mali na nani. Lakini vyote husema vikiwa pamoja, mahali pake, katika kina chake. Ukivitenganisha, ni kama kurasa zilizong'olewa kitabuni zikatupwa sokoni.

Sasa mwalijua kosa langu. Labda vile vigae vilikuwa vya bibi wa jana tu aliyevunja chungu chake. Labda vilikuwa vya miaka 2,000. Sitajua kamwe, wala mwanangu hatajua, kwa kuwa magari yamekwisha kuvisaga.

Basi, ndugu zangu, nawasihi ninyi mnaochimba misingi, visima na udongo wa matofari. Mkikuta vigae vingi pamoja na makaa, simameni kidogo. Msiving'oe. Pimeni kina chake, pigeni picha, mkawape habari walimu wa Chuo Kikuu hapa Kisangani. Haitawagharimu kitu ila siku moja ya kazi.

Binti yangu nimemwomba radhi. Nilimwambia, "Jibu nililokupa lilikuwa la uvivu. Watu walikuwapo. Walilima, walifinyanga, walisafiri. Jina lao hatulijui, lakini kazi ya mikono yao iko chini ya miguu yetu." Akatabasamu, akaniambia, "Baba, choo kikijaa, nitachimba mimi."